Mkato Mbele ya Nyumba

Jumamosi ile Magreth alifika kwa bibi yake, kule Old Moshi, akiwa na begi mgongoni, karatasi mkononi na uso uliokunjamana. Hata shikamoo yenyewe aliitoa kama mtu anayetua mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mama. Nani kakuudhi, mwenye bodaboda au mimi?"

"Mikato," alisema Magreth, akajitupa kwenye kigoda. "Mikato ya Kiingereza, Bibi. Naichukia!"

Bibi Eliona alikuwa jikoni anamenya ndizi za kupikia supu ya mtori, mikono ameipaka mafuta ili utomvu usimgande. Kicheko kilimfika kooni akakimeza. Alikumbuka darasa lao la zamani, mwalimu akipita kati ya madawati na kijiti cha mbuni. Wakisoma kwa sauti, kwenye mkato aligonga dawati mara moja: ko. Kwenye nukta, mara mbili: ko, ko. Darasa zima lilipumua pamoja, watoto arobaini na tano wenye miguu ya vumbi, na nje kahawa imechanua nyeupe hadi harufu yake inaingia dirishani. "Mkato ni pumzi," aliwaambia. Eliona alimaliza la saba, akaolewa, akazaa watano, akazeeka. Mpaka leo akisoma Zaburi kanisani hupumzika pale pale ambapo kijiti kingegonga. Hakujua kwamba mkato unaweza kumtoa mtu machozi.

"Hebu nieleze taratibu. Mimi nina kichwa cha darasa la saba."

Magreth akaeleza. Yeye yuko kidato cha pili, anasoma shule moja mjini Moshi. Mwalimu wao wa Kiingereza, Mwalimu Rahma, aliwapa insha: andika juu ya mtu unayempenda. Magreth akamwandika Babu Ebenezeri, mume wa bibi yake, aliyefariki mwaka juzi wakati wa masika. Insha ikapendwa. Ikachaguliwa kuingia kwenye jarida la shule, lile linalogawiwa wazazi wote siku ya mahafali. Lakini kwanza ilirudi kwake na maduara mekundu.

"Maduara saba, Bibi! Kila moja limezunguka mkato. Chini kaandika: rekebisha, ulete Jumatatu asubuhi. Ikichelewa au ikiwa na makosa, nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Sasa umerekebisha?"

"Ndiyo. Nimeifuta yote."

"Yote ipi?"

"Mikato yote! Si haitaki? Nimenakili upya, hakuna hata mmoja. Tuone atazungushia nini."

Bibi hapo akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Wewe ni Ebenezeri mtupu. Kuku mmoja akidonoa mchicha, yeye alikuwa anafungia banda zima."

Wakiwa bado wanacheka, mlangoni pakabishwa hodi. Ni Theodory, binamu wa marehemu, mzee mrefu aliyepandisha wageni mlimani kutoka Marangu kwa miaka thelathini, hadi magoti yakamgomea. Jumamosi hakosi hapo. Mwenyewe husema anakuja kumjulia hali shemeji yake. Shemeji yake husema anakuja kuijulia hali sufuria.

"Karibu shemeji. Leo umewahi, sijabandika hata maji."

"Nimekuja kukuona wewe, shemeji, si chakula. Chakula kitanikuta tu." Theodory alipokea shikamoo ya Magreth, akaiona karatasi. "Hiki nini? Kiingereza? Lete hapa. Hii lugha nimeitembeza mimi mpaka kileleni na kuishusha."

Akavaa miwani, akainyoosha karatasi mbele yake, akaanza kusoma kwa sauti ile aliyokuwa akiwahesabia wageni kambini.

"When Babu left the house..."

Akasimama. Akairudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akacheka polepole, kicheko cha mtu aliyeokota kitu cha watu.

"Lo! Shemeji. Mjukuu wako kaandika Ebenezeri aliiacha nyumba. Kumbe mambo ya Rau yamefika mpaka shuleni!"

"Mambo gani ya Rau?" Magreth aliuliza.

"Theodory," alisema Bibi Eliona, "mtori unaungua."

Sufuria ilikuwa bado imening'inia ukutani. Theodory aliitazama, akamtazama shemeji yake, akavua miwani. "Macho haya ya uzee," alisema. "Ngoja nikamwone ng'ombe." Akatoka akikwepa kizingiti kama mtu aliyevunja chombo.

"Lakini mimi sikuandika hivyo!" Magreth alilalamika. "Niliandika, Babu alipoondoka, nyumba ilikuwa kimya. Yaani alipofariki. *When Babu left the house was quiet.* Yeye kasoma vibaya."

"Neno hilo la kuondoka, kwa Kiingereza lina maana nyingine?"

"*Left?* Ni kuondoka. Na kuacha pia." Msichana akaitazama karatasi upya. "Aa. Ameliunganisha na nyumba. Lakini akiendelea mbele si ataelewa."

Akiendelea mbele. Bibi Eliona aliinama juu ya beseni la ndizi ili asionekane uso. Mtu akishapata la kusema, nani huendelea mbele?

Maana Ebenezeri aliwahi kuiacha nyumba kweli. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, bei ya kahawa ilipoanguka hadi watu wakaona uchungu kuichuma, Ebenezeri alikwenda matangani Rombo siku nne. Eliona, bila kumngoja, akang'oa mibuni arobaini iliyopandwa na baba mkwe wake, akapanda migomba na nyanya. Watoto walikuwa wanataka kula. Ebenezeri aliporudi aliyakuta mashina yamelala mizizi juu. Hakupiga, hakufoka. Alichukua redio yake ndogo na koti la mvua, akateremka Rau, kule chini pembezoni mwa mji, akapata kazi ya kupiga randa kwenye karakana ya mbao. Miezi minne na siku kumi na moja. Watoto waliambiwa baba kaenda kutafuta. Lakini kisimani wanawake walinyamaza Eliona akitokea, na kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida.

Asubuhi moja akamkuta amesimama getini, amekonda, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Isale ni mmea ule wa majani marefu unaopandwa mpakani mwa vihamba, yale mashamba yanayozunguka nyumba. Mchagga akikuletea jani lake ameomba msamaha, nawe hulikatai. Na ukishalipokea, jambo limekwisha. Halifunguliwi tena, iwe kwa hasira, kwa utani, au kwa kuwahadithia watoto. Eliona alilipokea. Tangu siku hiyo hadi wanamfunika Ebenezeri udongo, jina la Rau halikutamkwa ndani ya nyumba ile.

Sasa angemwambiaje Magreth kwa nini karatasi isiende hivyo? Hakuwa na ruhusa. Na jarida lile lingefika mikononi mwa wazazi wa Old Moshi wenye Kiingereza cha kutosha kusoma maneno matano ya kwanza, na kumbukumbu ya kutosha kusema: mnaona, hata mjukuu wake kaandika.

Alinawa mikono kwa majivu na sabuni, akavuta kigoda karibu.

"Rudisha mkato."

"Wapi?"

"Pale unapopumua."

"Bibi bwana! Mwalimu Rahma amesema Kiingereza si pumzi. Ni vishazi. Kuna kishazi huru na kishazi tegemezi, na sheria zake. Ndizo zilizonivuruga. Nikirudisha mmoja mahali pabaya, ndiyo basi tena."

"Ile karatasi ya kwanza, yenye maduara, unayo?"

Magreth aliitoa begini imekunjwakunjwa. Bibi Eliona akaitandaza pajani, akaipapasa ilainike. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabu hadi ishirini na kuomba ruhusa ya kwenda chooni, lakini mkato ni mkato, hauna lugha. Akaanza kuihesabu kwa kidole, kama anavyohesabu vifaranga jioni.

"Mwalimu kazungushia saba. Mimi naona kumi."

"Kumi?"

"Hii mitatu kaiacha. Mtu aliyeshika kalamu nyekundu hasamehi hivi hivi. Huu wa kwanza uko wapi?"

Magreth aliinamia. "Baada ya *left.* When Babu left, the house was quiet." Akainua uso. "Huu ulikuwa sahihi! Nimeufuta bure!"

Bibi Eliona alipata ahueni kidogo. Kidogo tu, maana msichana alikuwa tayari anakunja midomo.

"Sasa ona hapa, Bibi. Hapa nimeandika, We ate late, when Babu was at church. Tulichelewa kula Babu akiwa kanisani. Huu kauzungushia. Na hiyo *when* ni ile ile! Kwa nini pale sawa na hapa kosa? Siwezi kupeleka kitu nisichokijua. Akiniuliza mbele ya darasa?"

"Usiuchape kwanza, tuuchunguze," alisema Bibi. "Hivyo vishazi nikivikumbuka ni hivi. Chukua simu. Nipigie, uniambie 'Babu alipoondoka', halafu ukate. Mimi nitafanyaje?"

"Utanipigia."

"Nitakupigia mpaka vocha iishe, maana hujaniambia kitu. Umeniacha mguu juu. Haya, nipigie useme 'nyumba ilikuwa kimya', ukate."

"Hapo utakaa tu uhuzunike."

"Nitahuzunika, lakini nimeelewa. Basi huyo wa pili ndiye huru, anasimama mwenyewe. Wa kwanza ndiye tegemezi, anataka wa kumwegemea, kama mgomba wenye mkungu mzito." Akazitazama sentensi mbili zile, moja juu, moja chini. Kisha macho yakamng'aa kwa namna ambayo wajukuu wote waliijua. "Kitendawili!"

"Jamani Bibi, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mtoto wangu akinitangulia njiani, namwekea alama. Akinifuata nyuma, simwekei."

Magreth alifikiri. Alisema kivuli, alisema ndama, alisema jembe begani. Yote siyo.

"Nipe mji," alisema Bibi.

"Nakupa Moshi."

"Moshi kuna joto mno. Nipe mwingine."

"Nakupa Marangu."

"Kuna baridi, na sina sweta. Nipe mwingine."

"Una maringo leo! Basi nakupa Rau. Chukua hiyo Rau yenu na Babu Theodory."

Bibi Eliona aliiweka karatasi chini. Mji ukishapewa unakwenda. Ndivyo mchezo ulivyo. Unasema umefika, umekula nini, umeona nini, kisha unatoa jibu. Na linalosemwa mjini ni la mchezo, halina mwenyewe.

"Nimekwenda Rau," alianza. "Nimeteremka kwa miguu alfajiri, na kapu la ndizi mbivu kichwani. Nimefika. Nikamwona mtu anapiga randa chini ya bati, vumbi la mbao limemjaa nywele utadhani mvi. Shati lake halijapigwa pasi. Redio yake iko juu ya tofali, inaimba peke yake. Nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikasema nikihesabu magari kumi nitamwita. Yakapita kumi, nikahesabu mengine kumi. Sikumwita. Nikarudi na kapu langu."

Magreth alikuwa amekunja uso. "Mbona hukula kitu? Ukipewa mji huwa unakula pilau mpaka unavimbiwa."

"Siku hiyo sikula."

"Na ndizi?"

"Nilimpa mwanamke mmoja njiani, ana mtoto mgongoni." Bibi alipangusa goti lake pasipo na kitu. "Haya, jibu. Mtoto ni kishazi chako tegemezi. Akitangulia mbele ya mama yake, 'Babu alipoondoka', watu watamkuta yeye kwanza, watafikiri ndiye mwenye safari. Kwa hiyo unaweka mkato wajue: ngoja, mama yuko nyuma anakuja. Usipoweka, atashika nguo ya mama aliye nyuma waonekane mtu mmoja. Ndivyo alivyosoma shemeji yangu. Lakini mama akitangulia, 'tulichelewa kula', na mtoto akafuata, alama ya nini? Kila mtu anaona ni wake."

Magreth alirudi kwenye karatasi mbio. Akaangalia mkato wa pili usiozungushiwa: Because the cow knew him, she never kicked. "Kwa sababu ng'ombe alimjua. Tegemezi, mbele. Mkato!" Akaangalia duara lingine: The dog waited, until he came. "Mpaka alipokuja. Tegemezi, nyuma. Hakuna mkato! Bibi! Hayo mawili yameisha!"

"Yamebaki mangapi?"

"Matano. Haya sasa ni mengine. Babu picked coffee, Bibi cooked bananas. Babu alichuma kahawa, Bibi alipika ndizi. Kosa liko wapi hapo?"

"Mbona Kiswahili kizuri tu," alisema Bibi, akamwonea mwalimu hasira kidogo. Ndivyo watu wote wa mlimani wanavyosema: huyu kafanya hili, yule kafanya lile, mkato katikati, maisha yanaendelea. "Wote wawili huru?"

"Huru. Mwalimu anasema Waingereza hawakubali huru wawili washikwe na mkato peke yake. Ule wa tatu ambao hakuuzungushia ni huu: He loved coffee, but he drank tea. Mkato upo, na *but* ipo."

Bibi alitazama nje mlangoni, ng'ambo ya migomba, kwenye mstari wa masale uliotenga kihamba chao na cha jirani. Ebenezeri ndiye aliyeupanda, wakiwa hawana hata mtoto mmoja. Alikuwa anachimba mashimo, Eliona anamshikia miche, na udongo ulikuwa unanuka mvua ya juzi.

"Tazama pale. Kihamba chetu na cha jirani, vyote huru, kila kimoja kina mwenyewe. Masale yanatenga. Lakini ukiacha masale matupu, watu hawapiti. Ndiyo maana Babu yako aliacha njia katikati. Masale ni mkato, njia ni hilo *but* lako. Vihamba viwili vikitaka kutembeleana, masale na njia vyote viwepo."

"Na *and?* Na *so?*"

"Njia ni njia."

"Na kama sitaki njia?"

"Jenga ukuta. Weka nukta, kila mtu akae kwake."

Magreth akainama, akaandika, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Maduara matatu aliyapa njia, mawili akayapa nukta. Bibi akapata nafasi ya kubandika maji hatimaye. Theodory naye alichungulia, akaona hali si mbaya, akaingia na kuketi kwenye kona yake.

"Bibi," alisema Magreth ghafla. "Ile ya kwanza naweza kuigeuza. The house was quiet when Babu left. Nyumba ilikuwa kimya Babu alipoondoka. Mama mbele, mtoto nyuma, mkato hautakiwi, na hakuna atakayekosea. Nigeuze?"

Ilikuwa njia salama kuliko zote. Hapo hata msomaji mwenye haraka asingeiona Rau. Theodory alitikisa kichwa kukubali. Bibi Eliona alisimama na mwiko mkononi, akaisikiliza sentensi ile ndani yake, nyumba ikianza, kimya kikifuata, na Ebenezeri mwishoni kabisa, kama aliyesahauliwa akaongezwa.

"Hapana," alisema. "Aanze yeye. Halafu uweke mkato uonekane."

"Lakini mtu asipouona?"

"Asipouona atakuwa amekosea kusoma. Si kosa lako wala si la Babu yako."

Magreth akaandika. Kisha akampa Theodory karatasi, maana alitaka kumtoa aibu ya mwanzo. Mzee akavaa miwani, akasoma, "When Babu left," akasimama. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ulivyostahili mkato wowote. "The house was quiet." Akairudisha karatasi. "Imenyooka," alisema. "Shemeji, nisamehe."

"Kula," alisema Bibi, akamjazia bakuli.

Jumapili baada ya ibada Magreth alijiandaa kurudi mjini. Karatasi safi ilikuwa ndani ya jalada la plastiki, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Mwenye bodaboda alipiga honi barabarani. Msichana alikuwa ameshavaa begi alipogeuka.

"Bibi, yule mtu wa Rau. Wa mbao. Alirudi kwao?"

Bibi Eliona alimfunga vizuri mtandio shingoni. Kuna namna mtoto anauliza akiwa tayari anajua anachouliza, na Magreth aliuliza kwa namna hiyo, macho ameyashusha ili bibi yake asilazimike kuyakwepa.

"Mji ukishatolewa jibu haurudiwi," alisema Bibi. "Nisomee ile ya kwanza kabla hujaenda."

"Umeshaisikia mara kumi."

"Nisomee."

Magreth akasoma. Honi ikalia tena. Bibi Eliona alikaa mbele ya mlango, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliweza kuvitenga vimya viwili vya nyumba yake. Kile cha miezi minne kilikuwa na masikio. Kilikesha kikisikiliza nyayo getini. Hiki cha sasa hakikuwa kinamngoja mtu. Alikuwa amevichanganya kwa miaka miwili, akawa anaamka na hasira zisizo zake, akimnunia marehemu kwa safari ambayo hakuichagua.

"Tena," alisema.

"Bibi, umeshaielewa!"

"Nimeielewa. Wewe soma tu."